Nimekaimu miezi tisa, hati ya mshahara iko vile vile

Kwako Mshauri,

Mimi ni karani mwandamizi wa serikali kuu, kundi la kazi H, katika masjala ya ofisi moja ya kaunti ndogo. Mkuu wetu wa masjala, aliyekuwa kundi K, alistaafu Septemba 30, 2024 alipofikisha miaka 60. Oktoba 3 mkuu wa kituo aliniandikia barua kwamba nimeteuliwa kukaimu nafasi hiyo "hadi itakapoagizwa vingine". Nilikabidhiwa funguo za kabati la siri, rejista na muhuri Oktoba 7. Tangu siku hiyo ndiye mimi ninayepokea barua zote, kugawa faili kwa makarani wanne, kupanga likizo zao na kutia saini barua zinazotoka.

Sasa ni Julai 2025. Mshahara wangu wa kimsingi ni Sh34,000, na jumla kabla ya makato ni Sh44,500. Hakuna hata senti iliyoongezeka. Nimeuliza kwa afisa wa rasilimali watu mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia nivute subira. Mara ya pili, hakuna bajeti. Mara ya tatu alisema barua yangu haina nguvu kwa kuwa haikutoka kwa Katibu wa Wizara.

Mwenzangu wa uhasibu anasema nina haki ya asilimia 20 kwa miezi yote tisa, na kwamba aliyepita miezi sita huthibitishwa moja kwa moja. Je, ni kweli? Nidai vipi bila kuonekana mkorofi? Naogopa nikisukuma sana nitahamishwa.

Bi Kaimu, Bonde la Ufa

*

Bi Kaimu,

Pesa unazostahili zipo, ila umeziita kwa jina lisilo lake, na kwa jina hilo hutazipata.

Utumishi wa umma nchini Kenya una malipo mawili yanayofanana kama mapacha. Moja ni marupurupu ya kukaimu. Mwongozo wa Sera na Taratibu za Rasilimali Watu wa Mei 2016 unayapa kiwango cha asilimia 20 ya mshahara wa kimsingi wa cheo chako halisi, nayo ni ya mtu aliyekwisha kutimiza masharti ya kupandishwa hadi nafasi ile, anayeishikilia tu ikisubiri kutangazwa. La pili ni marupurupu ya majukumu maalum, ambayo watu wa mishahara huyaita SDA. Hayo ni asilimia 15, na humwendea anayefanya kazi ya cheo cha juu ilhali hajatimiza sifa zake. Yote mawili yana kikomo cha miezi sita.

Sasa jipime. Kwa kawaida skimu ya utumishi ya makarani hudai miaka mitatu katika cheo kilicho chini tu ya kile unachokitaka, pamoja na kozi ya usimamizi ya wiki mbili. Wewe uko H. Anayestahili K ni aliyetumikia J, nawe J hujaipitia hata siku moja. Basi hata ungekuwa na vyeti vya kozi zote, fungu lako ni asilimia 15. Ukiandika "nadai asilimia 20", afisa wa rasilimali watu hana haja ya kubishana nawe. Ataandika pembeni "hajatimiza sifa" na faili itarudi kabatini.

Kuna kizingiti kingine ambacho kwa bahati nzuri umekiruka. Mwongozo hauruhusu mtu apewe majukumu ya cheo kilicho zaidi ya makundi mawili juu ya lake. Wengi huhesabu kwa vidole, H, I, J, K, wakapata hatua tatu na kukata tamaa. Makundi ya kazi hayana I. Kutoka H ni J kisha K: hatua mbili, na umefika ukingoni kabisa. Mkuu wenu angekuwa kundi L, dai lako lingekuwa gumu mno.

Tuje kwenye barua. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 kinasema uteuzi wa kukaimu hufanywa na mwenye mamlaka ya kuteua, kwa mtu mwenye sifa zote za nafasi hiyo, kwa muda usiopungua siku 30 na usiozidi miezi sita. Barua yako imekwaa mara mbili. Mkuu wa kituo hana mamlaka hayo. Ni ya Katibu wa Wizara, baada ya kamati ya ushauri ya rasilimali watu ya wizara kupendekeza. Tena wewe huna sifa za K. Kwa hiyo afisa wako alisema kweli kwamba kama barua ya kukaimu, karatasi hiyo haina nguvu. Alichokiacha ni kwamba karatasi hiyo hiyo ni ushahidi mzuri kuwa ulipewa kazi ya nafasi ya juu, tarehe fulani, na mkuu wako halali. Huo ndio msingi wa SDA. Usiitupe, usiione aibu, wala usimwendee mkuu wa kituo akuandikie nyingine yenye tarehe ya nyuma. Barua iliyorudishwa tarehe ni kosa la nidhamu kwenu nyote wawili, na namba yake ya kumbukumbu itaumbua kila kitu, maana rejista ya barua za Oktoba ilishapita namba hizo zamani.

Kabla ya kuandika chochote, hakikisha jambo moja: nafasi ya K imo katika orodha ya nafasi zilizoidhinishwa kwa kituo chenu? Mara nyingine aliyestaafu alikuwa K kwa sababu alipandishwa akiwa hapo, lakini nafasi ya kituo ni ya J. Ikiwa ni J, hesabu inabadilika kwa faida yako. J ni hatua moja tu, na kama ulikuwa umemaliza miaka mitatu katika H ukiwa na kozi, basi ulistahili hata ile asilimia 20. Na ikiwa kituo hakina nafasi yoyote iliyoidhinishwa, watasema uliongezewa kazi tu, na kazi ya ziada ndani ya cheo hailipiwi. Nakala ya orodha hiyo huwa kwa afisa wa rasilimali watu. Akikunyima, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa siku 21 za kukujibu. Siku hizo zikipita kimya, Ofisi ya Ombudsman hupokea malalamiko bila ada.

Tuseme ni K. Asilimia 15 ya Sh34,000 ni Sh5,100 kwa mwezi, na miezi sita ni Sh30,600. Mshahara wa kimsingi ndio unaopigiwa hesabu, si ile Sh44,500. Wanaopiga asilimia juu ya jumla yote, marupurupu ya nyumba na usafiri yakiwemo, hurudishiwa dai kwa kosa la hesabu na kupoteza miezi miwili bure.

Usizipangie Sh30,600 zote matumizi. Marupurupu haya ni mapato ya ajira kama mengine. Katika kila Sh5,100, SHIF, yaani mchango wa bima ya afya ya jamii, ya asilimia 2.75 itachukua Sh140.25, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 utachukua Sh76.50. Makato hayo mawili hutolewa kabla ya kodi, hivyo inabaki Sh4,883.25. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023 wewe uko kwenye ngazi ya asilimia 30, ambayo huanzia pale mapato ya mwezi yanayotozwa kodi yanapopita Sh32,333. Kodi ni Sh1,464.98. Mkononi unabakiwa na takriban Sh3,418 kwa mwezi, au Sh20,510 kwa miezi sita. Wengine huogopa kwamba malimbikizo yakija kwa mkupuo kodi itapaa. Kwako haipai, kwa kuwa ngazi hiyo ya asilimia 30 inaenda hadi Sh500,000 kwa mwezi. Malipo haya pia hayaingii katika hesabu ya pensheni, kwa hiyo usishangae mchango wako wa asilimia 7.5 ukibaki pale pale.

Miezi sita ihesabu kuanzia Oktoba 7, siku uliyokabidhiwa, badala ya Oktoba 3. Utapoteza siku nne, lakini utakuwa na tarehe ambayo hakuna atakayeipinga: hati ya makabidhiano ina saini mbili. Mwisho wake ni Aprili 6, 2025.

Sasa uandishi wenyewe. Maneno ya mdomo uliyoyasema mara tatu hayapo popote. Katika serikali kisicho na namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya faili, hakikutokea. Andika kwa Katibu wa Wizara, kupitia kwa mkuu wa kituo, nakala kwa afisa wa rasilimali watu. Utaandika kwa Kiingereza kama ilivyo desturi ya ofisi, lakini yaliyomo yasizidi haya:

"Ninaomba kuidhinishiwa malipo ya marupurupu ya majukumu maalum kwa kutekeleza kazi za mkuu wa masjala, kundi K, kuanzia Oktoba 7, 2024 hadi Aprili 6, 2025. Cheo changu halisi ni karani mwandamizi, kundi H, na mshahara wangu wa kimsingi katika kipindi hicho ulikuwa Sh34,000. Nafasi hiyo iliachwa wazi na aliyestaafu Septemba 30, 2024. Nilipewa majukumu hayo kwa barua ya mkuu wa kituo ya Oktoba 3, 2024. Kwa kuwa malipo hayakuwahi kuombwa wakati huo, naomba suala liwasilishwe mbele ya kamati ya ushauri ya rasilimali watu kwa uidhinisho. Nimeambatisha nakala za barua hiyo, hati ya makabidhiano, hati za mshahara za Septemba 2024 hadi Aprili 2025, na hati saba zinazoonyesha utekelezaji wa kazi."

Hapo hakuna neno "haki", hakuna "nimevumilia", wala hakuna jina la aliyekuzungusha. Barua ya namna hii haimfanyi mtu aonekane mkorofi, kwa sababu haimshtaki yeyote. Inaiomba kamati ifanye kazi yake. Kama mshahara wako wa kimsingi ulipanda katikati ya kipindi, kwa nyongeza ya kila mwaka au kwa mapatano ya mishahara, gawanya hesabu: miezi ya kiwango cha zamani mbali, ya kiwango kipya mbali.

Zile hati saba zichague kwa akili. Kutoka Oktoba hadi Aprili, toa moja kwa kila mwezi, yenye saini yako juu ya cheo cha mkuu wa masjala: ratiba ya likizo za makarani, orodha ya barua zilizotumwa, taarifa ya mwezi. Ukikosa mwezi mmoja, mkaguzi ataweka kidole hapo hapo. Na kwa kuwa wewe ndiye unayeshika kabati la siri, tunakuonya wazi: usichomoe wala kunakili ukurasa wa faili ya siri ili kujenga dai lako. Ratiba ya likizo inatosha. Kesi ya kutoa nyaraka za siri itameza dai la Sh30,600 na pengine na kazi yenyewe.

Kuna jambo dogo ambalo kwako wewe ni kubwa. Barua hiyo itapita katika masjala unayoisimamia. Usiigonge muhuri mwenyewe. Mpe mmoja wa makarani wako aipokee, aiandike katika rejista kwa mkono wake, aigonge muhuri wenye tarehe, na akupe nakala yenye muhuri huo. Folio iliyoandikwa kwa mwandiko wa mdai mwenyewe ni zawadi kwa yeyote anayetaka kusema barua ilipenyezwa baadaye. Kisha baada ya wiki moja mwulize mkuu wa kituo kama ameipitisha. Barua nyingi za aina hii hufa kwenye trei yake, tena bila ubaya wowote, kwa sababu tu hajui aandike maoni gani. Msaidie: anachotakiwa kuandika ni sentensi mbili, kwamba anathibitisha kazi ilifanyika kwa tarehe hizo, na kwamba nafasi ilikuwa wazi. Saini yake ndiyo inayokupa nguvu kuliko kiambatisho chochote.

"Hakuna bajeti" si jibu la kukunyima, ni jibu la lini. Mwaka wa fedha wa serikali ulifungwa Juni 30, na kipindi chako chote kimeangukia katika mwaka uliopita. Kamati ikiidhinisha leo, wewe ni deni la mwaka wa nyuma, nalo linapaswa kuingizwa katika orodha ya madeni ya wizara ili lilipwe likipata fungu, mara nyingi baada ya bajeti ya nyongeza. Ukipata idhini, omba nakala ya uamuzi wenye namba ya kikao. Wengi huridhika na "umepita" ya simu, halafu afisa akihamishwa hakuna anayekumbuka.

Kamati inaweza kukataa. Tusikudanganye: uidhinisho wa baada ya kazi kufanyika ni hisani yenye msingi, na wapo makatibu ambao hawaupendi kabisa, kwa sababu mkaguzi huwauliza kwa nini mtu alipewa kazi bila wao kujua. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inakupa haki hiyo. Ukiwa na sababu mkononi, peleka rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, au mpe mwakilishi wa chama chenu cha wafanyakazi aibebe. Kundi H mko ndani ya wigo wa chama, na barua yenye nembo ya chama mara nyingi hujibiwa upesi kuliko yako.

Mahakama iwe mwisho kabisa. Kwa mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi unaweza kufungua kesi ya ajira kwa hakimu aliyeidhinishwa kusikiliza kesi hizo, bila kwenda hadi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Lakini kumbuka hukumu dhidi ya serikali haina dalali: huwezi kupeleka mtu akakamate gari la wizara. Kwa Sh20,510 za mkononi, wakili wa kulipwa ni hasara ya wazi.

Hata hivyo linda muda wako, kwani wanaoshindwa kwa kuchelewa ni wengi kuliko wanaoshindwa kwa ushahidi. Sheria ya Ajira inatoa miaka mitatu kufungua dai, na watu huishia kusoma hapo. Kifungu hicho hicho, ambacho wengi wanakijua kama cha 90, kinaongeza kwamba dhara linaloendelea lina miezi 12 tu tangu lilipokoma. Kutolipwa mwezi baada ya mwezi kunaweza kuitwa dhara linaloendelea, na upande wa pili hautasita kusema lilikoma siku malipo yalipofika kikomo. Basi hesabu kwa kipimo kifupi: Aprili 6, 2026. Na usidhani kuandikiana barua kunasimamisha saa hiyo.

Hiyo miezi mitatu ya baada ya Aprili? Mwongozo unasema malipo hayazidi miezi sita. Mahakamani zipo hukumu zilizoagiza aliyefanyishwa kazi zaidi alipwe zaidi, na zipo zilizokomea kwenye sita. Mbele ya kamati, ukidai tisa unawapa sababu ya kurudisha barua yote. Dai sita kwanza. Ila usiandike popote kwamba umesamehe iliyobaki.

Kuhusu kuthibitishwa moja kwa moja, mwenzako wa uhasibu amekuuzia mbuzi kwenye gunia. Kukaimu peke yake hakumpandishi mtu cheo, hata akikaimu miaka, na mahakama imelirudia hilo mara nyingi. Kinachoweza kukupandisha ni J. Kama umetimiza miaka mitatu katika H na una cheti cha kozi ya usimamizi, andika ombi la kupandishwa hadi J, barua tofauti, siku tofauti. Ukiyachanganya maombi mawili katika karatasi moja, litajibiwa lile jepesi kulikataa.

Na kwa kuwa bado unaifanya kazi hiyo, mwandikie mkuu wa kituo barua ya tatu, fupi: kwamba kipindi cha miezi sita kilikwisha Aprili 6, unaendelea kutekeleza majukumu kwa maagizo yake ya Oktoba 3, na unaomba mwelekeo. Usiache kazi ghafla na kurudi mezani kwako pa zamani. Huko ndiko wanakopatia kosa la utovu wa nidhamu. Uhamisho wanaweza kukupa wakitaka, kwa dai au bila dai, na hauwezi kufuta miezi ambayo tayari una saini zake. Ukija, kabidhi masjala kwa hati yenye tarehe, orodha ya funguo na namba ya mwisho ya rejista, na ubaki na nakala.

Mshauri